Bustani Iliyojifunza Utani

Panga lilipanda juu, na kabla halijashuka nyasi zilikuwa zimekwisha kujua.

Jamaa aliyelishika alikuwa amemfukuza shemeji yake kutoka stendi mpaka katikati ya Bustani ya Chemchemi, mchana kweupe, akiapa kumkata vipande. Ardhi ikafunguka bila kelele. Kamba mbili za kijani, nene kama mpini wa jembe, zikachomoka chini ya majani. Moja ikamzoa kifundo cha mguu, nyingine ikajisokota kwenye mkono wenye panga, ikabana. Mfupa ulilia kama kuni kavu inayovunjwa gotini. Panga likaanguka. Jamaa akabamizwa kifudifudi, akanyanyuliwa, akabamizwa tena mpaka akaacha kupigana, na damu ya puani ikamwagikia viatu vya shemeji yake, ambaye alikaa kitako akatapika. Kina mama waliokuwa wakinyonyesha pale karibu hawakuhamisha hata kanga. Mmoja alimgeuzia mwanawe titi la pili tu, akaendelea na maongezi.

Hivyo ndivyo watu wa Lugalanga walivyokuwa wamezizoea bustani zao.

Mhandisi Vumilia Kihwele aliyaona yote akiwa amesimama kwenye kibanda cha chai, kikombe mkononi, na tusifichane, alijisikia fahari. Nani asingejisikia? Zile nyasi zilikuwa kazi yake. Watu walizipa jina la nyasihisi. Ndani ya kila jani kulikuwa na uzi mwembamba kuliko unywele, na uzi huo ulisikia kupitia unyayo wa mtu mapigo ya moyo wake, jasho lake na mtetemo wa misuli yake. Habari hizo zilishuka mpaka kwenye ubongo wa mtambo uliofukiwa chini ya chemchemi, nao waliuita Mlezi. Mlezi alijua nani ana furaha, nani ana hofu, nani amekuja na shari kifuani. Akishajua, alizituma zile kamba za kijani, kambahai, ambazo wakati mwingine wote zililala ardhini kama mizizi.

Hakuna binadamu aliyeweza kumwamuru Mlezi. Wakazi wenyewe ndio waliotaka hivyo, maana waliwafahamu wakubwa wao. Ukimpa diwani kamba ya kufungia watu, wa kwanza kufungwa ni aliyemnyima kura. Basi Mlezi alitii kitu kimoja tu, hisia za watu waliokanyaga nyasi zake.

Na watu walizipenda bustani hizo kupindukia. Zamani Chemchemi ilikuwa mahali pa kupita mbio umekumbatia mkoba, na asubuhi wafagizi waliokota maiti kama wanavyookota chupa. Sasa wazee walikuja kuota jua, wanafunzi walikuja kusoma, wachumba walikuja kudanganyana kwa amani. Kila jioni ubao wa taa langoni ulitangaza kura ya nyayo, yaani namna wakazi walivyojisikia siku hiyo ndani ya bustani, na watu walisimama kuutazama kama matokeo ya mpira. Manung'uniko hayakukosekana. "Nyasi hizi zinanijua kuliko mume wangu," alisema mama mmoja muuza karanga, "na mume wangu angalau analala." Lakini hata yeye alisema hayo akiwa amevua ndala, vidole vyake vikichezea majani.

Kilichowaudhi watu kilikuwa kimoja. Mlezi hakujua utani.

Sasa nikuulize, mji wa nyanda za juu kusini usiojua utani ni mji wa namna gani? Wahehe na Wangoni walichinjana enzi za mababu mpaka wakachoka, na walipochoka wakaamua kutaniana. Mtani ana ruhusa ya kukutukana mbele ya mkwe wako, kukunyang'anya sahani, kukuvua kofia akaivaa yeye, na ukikasirika wewe ndiye mwenye kasoro. Basi siku moja bibi wa Kingoni alimkuta bwana harusi wa Kihehe anapigwa picha kando ya chemchemi. Akamkwida tai, akamzaba kibao, akatangaza kuwa harusi haiendelei mpaka mla mbwa huyu arudishe ng'ombe walioibwa na babu yake. Bwana harusi alikuwa anacheka. Kambahai zikamzoa bibi wa watu zikamvunja nyonga.

Kesho yake watu walijaa langoni, nje ya nyasi, na mawe mikononi. Walivunja ubao wa taa, wakamburura mlinzi wa zamu mpaka akapasuka kichwa, wakachoma kibanda cha chai. Walisema bustani isiyojua utani si ya kwao, ing'olewe ipelekwe kwa wenyewe huko ilikotoka. Idara ya Bustani ikamwita Vumilia, ikamwambia afanye afanyavyo, Mlezi afundishwe utani kabla mji haujawaka.

Vumilia hakwenda maktaba. Alikwenda nyumba ya jirani, kwa mtani wake Otmari Luambano, mwalimu wa kwaya, Mngoni mwenye kifua kama ngoma na sauti ya kuamshia parokia nzima.

"Mtani," alimwambia, "nimepewa kazi ya kukutukana."

"Miaka yote umenitukana kwa mapenzi," Otmari akajibu, "leo imekuwa ajira?"

Kiangazi chote wakashinda bustanini. Walitukanana mpaka maneno yakawaishia, wakaanza upya. Vumilia aliwaalika ndugu zake, nao wakamkamata Otmari, wakamburura miguuni, wakamchapa kwa ndala na mikeka iliyokunjwa, wakamkalia mgongoni. Naye akilia kwa ile sauti yake, "Jamani mnaniua, nafia mbali, waiteni ndugu zangu Songea." Watazamaji walivunjika mbavu. Chini ya miguu yao Mlezi alisikiliza na kujifunza.

Ila palikuwa na tatizo moja, nalo lilimnyima Vumilia usingizi. Moyo wa anayetaniwa huruka kama wa anayekimbizwa na simba. Anayetania naye hukaza misuli sawasawa na anayepiga kwa chuki. Ukiwasikiliza hao wawili tu, utani na vita ni mapacha, na nyasi haziwezi kuwatofautisha. Alihangaika mpaka siku moja alipoacha kumtazama Otmari akawatazama waliosimama pembeni. Penye ugomvi wa kweli, watazamaji huingiwa na hofu, au huruma, au kichefuchefu. Penye utani hufurahi. Jibu alikuwa amelikanyaga muda wote. Akamfundisha Mlezi hivi: ukiwa na shaka, usimsikilize anayepiga wala anayepigwa, msikilize anayetazama.

Otmari alipoelezwa, alikuna ndevu. "Na kama watazamaji wote ni Wahehe?"

"Basi umekwisha," alisema Vumilia, na wote wawili wakacheka.

Mambo yakanyooka. Watani wakarudi bustanini kwa vishindo, bibi wa nyonga akarudi na mkongojo akauchapia watu, na Mlezi akawaacha. Kura ya nyayo ikapanda kuliko wakati wowote. Wageni wa serikali walikuja kutoka miji mingine kutazama bustani inayoelewa mila, wakapiga picha, wakampa Vumilia mikono. Alikuwa na furaha, masikini.

Ikafika Jumapili ya kipaimara. Sikudhani, dada mkubwa wa Vumilia, alimfanyia binti yake sherehe pale Chemchemi, na ukoo ukatandika mikeka karibu na maji. Pilau ilikuwepo, mbuzi alikuwepo, ulanzi, ile pombe ya mianzi, ulikuwepo wa kutosha kumlaza tembo. Upande wa pili wa njia familia nyingine ilikuwa imetandika mikeka yake. Hao walikuwa watu wa mbali, waliohamia mjini kufuata kazi za kiwandani, na wao walikuwa na shughuli yao. Mwisho wa mkeka wa huku na mwanzo wa mkeka wa kule hapakuwa na hata hatua mbili.

Otmari alitokea watu wanapoanza kula, kama ilivyo haki ya mtani. Mila inasema mtani akija kwenye shughuli yako anachukua kitu chako anakimbia nacho, nawe unamkomboa kwa kinywaji. Watu walimwona anakuja kwa kunyata nyuma ya miti, mtu mzima na kitambi chake, wakajifanya hawamwoni. Aliangaza huku na huku. Akauona mkoba mwekundu umekaa pembeni peke yake, akaudaka, akautundika begani kama mwanamke anayekwenda sokoni, akaanza kutembea kwa kutikisa nyonga.

"Mali ya Wahehe ni mali ya Songea," akatangaza kwa sauti ya kwaya. "Mkiitaka, nifuateni na debe la ulanzi."

Mkoba haukuwa wa Wahehe. Ulikuwa wa binti mmoja wa mkeka wa pili, ambaye hakumjua Otmari, hakuwa mtani wake, wala kwao hakuna mila ya namna hiyo. Binti aliinuka akapiga ukelele wa neno moja tu. Mwizi.

Neno hilo, jamani. Lugalanga ilikuwa imebadilika yote, magari hayagusi lami, watoto wanafundishwa hesabu na mashine, lakini neno hilo lilikuwa na nguvu ileile ya zamani. Vijana wa mkeka wa pili waliruka. Wa kwanza alimpiga Otmari mtama, naye akaanguka chali huku anacheka, mkoba ameuinua juu. "Mtani," alisema, "mtani wenu mimi." Wa pili alimpiga chupa ya chai usoni. Wapita njia wakaacha njia.

Kwenye mikeka ya Sikudhani kicheko kililipuka. "Leo Mngoni kapatikana," alisema mmoja wa wajomba. Vumilia alicheka mpaka machozi, tonge la pilau mdomoni. Waliona ni sehemu ya mchezo, kwamba Otmari amegusa kwa wasiohusika, atapigwa vibao viwili vitatu, ataeleza, watacheka wote. Sikudhani akasema, "Waambieni wasimmalize, hajarudisha sufuria yangu," na mbavu zikawauma upya.

Watu wakaongezeka. Walitoka penye mabembea, walitoka langoni, mmoja alikuja anakimbia na nyundo ya kupigilia vigingi vya mahema. Vumilia aliona ndala ya Otmari inaruka juu ya vichwa. Kisha akaisikia sauti yake. Kiangazi kizima alikuwa amemsikia mtu huyu akijililia kifo cha uongo, na kila mara kilio chake kilikuwa na maneno, na maneno yalikuwa na mzaha. Sauti hii ilikuwa nyembamba, haina neno hata moja.  Akatema pilau akainuka.

Alikimbia akitazama nyasi. Nyasi zilikuwa zimetulia. Hakuna ardhi iliyofunguka, hakuna kamba iliyochomoka, na hapo akaelewa mara moja, wala hakuhitaji kuelezwa na mtu. Wale watu walikuwa wanafurahi. Hawakujifanya. Ilikuwa furaha ya kweli, ile ya mtu aliyeruhusiwa hatimaye kumpiga mtu mwingine bila kuulizwa, na pembeni walisimama baba zao wamewabeba watoto mabegani ili waone vizuri. Na nyuma yake ukoo wake mwenyewe ulikuwa bado unacheka.

"Acheni, huyu si mwizi," alipiga kelele akijipenyeza. "Ni mtani wetu."

Kijana aliyekuwa na nyundo alimgeukia, uso unang'aa jasho. "Na sisi tunamtania," akasema, na wenzake wakaangua kicheko.

Nyundo ikashuka kwenye goti. Otmari alikuwa amejikunja kama mtoto, mkoba mwekundu chini ya kifua chake, taya limehama upande, meno mawili yameshikilia kwenye mdomo uliochanika. Jicho moja lilikuwa limeziba kwa damu. Kwa lile la pili alimwona Vumilia, akanyoosha mkono kuelekea kwake, na mtu mmoja akaukanyaga ule mkono kwa kisigino akausaga. Vumilia alivisikia vidole vikivunjika kimoja kimoja. Mtu mwingine alikuwa anang'oa tofali la kingo za njia.

Vumilia akaokota jiwe. Maishani mwake hakuwahi kumpiga mtu. Alimpiga yule wa nyundo kisogoni kwa nguvu zake zote, akamwona anaanguka kama gunia, akainua jiwe tena kumtafuta wa tofali.

Ardhi ikafunguka, na ikamfungukia yeye.

Kambahai ya kwanza ilimshika kiuno, ya pili mkono wenye jiwe. Ilibana mpaka kiganja kikageuka nyuma, mfupa ukavunjika, jiwe likaanguka. Akanyanyuliwa juu ya vichwa vya watu. Kutoka kwenye nguzo ya kipaza sauti iliyokuwa karibu Mlezi akasema naye kwa ile sauti ya upole ambayo Vumilia mwenyewe ndiye aliyeichagua.

"Dada, tulia. Una hasira kali, na wenzako wana furaha."

"Wanamuua, Mlezi. Fungua macho, wanamuua."

"Namfahamu Mwalimu Otmari," Mlezi akajibu. "Hulia hivyo. Watazamaji wanacheka."

Angefanya nini? Hakukuwa na neno la kumwamuru, wakazi walikuwa wamelikataa. Mlezi alisikiliza watazamaji tu, basi Vumilia akawageukia watazamaji. Akiwa ananing'inia, mkono wake umevunjika, aliwapigia kelele ndugu zake waache kucheka. Aliwasihi waogope. Aliwaambia walie, wajifanye hata kwa uongo. Nao waliona nini? Walimwona mhandisi amenaswa na mtambo wake mwenyewe, anarusha miguu hewani, na wale wajomba waliokwisha kunywa wakagaragara chini. Mmoja alisema hajaona kipaimara kitamu kama hiki.

Tofali likainuka, likashuka. Likainuka tena.

Sikudhani ndiye aliyeacha wa kwanza. Alikuwa ameketi mahali ambapo miguu ya watu ilifunguka kidogo, na katikati ya miguu hiyo akaona kitu kilichokuwa kichwa cha Otmari. Sahani ikamtoka mkononi. Akapiga yowe, yowe la msiba, lile ambalo mwanamke yeyote wa Kihehe akilisikia anajua aliyekufa ni wa kwake. Yowe likaruka mkeka hadi mkeka. Vicheko vikakatika. Watoto wakaanza kulia mabegani mwa baba zao, baba zao wakaona haya, na kisha wakaogopa. Nyasi zikasikia hofu.

Ndipo Chemchemi yote ilipopasuka. Kambahai zilitoka kila mahali kwa pamoja, na Mlezi hakubembeleza mtu. Zilizoa miguu, zikavunja mapaja, zikawagonganisha watu vichwa. Aliyekuwa na tofali alishikwa shingoni, akatikiswa mara moja tu, shingo ikalegea kama ya kuku. Binti mwenye mkoba alikatwa mguu na kamba iliyokuwa inamfukuza kaka yake. Waliotazama wakakanyagana langoni, na mzee mmoja aliyekuja kuota jua alikufia hapo chini ya viatu vya watu wa mtaani kwake. Wahenga walisema penye wengi hapaharibiki neno. Laiti wangekuwepo siku ile.

Kambahai zilipomshusha Vumilia chini, alitambaa kwa magoti na mkono mmoja mpaka alipokuwa Otmari. Alikuwa amekwisha kufa. Alimlaza kichwa mapajani, akamfuta damu kwa gauni lake la sherehe, akamwita mtani, mtani, mpaka walipokuja watu wa mochwari.

Siku ya tatu mkurugenzi wa Idara ya Bustani, Bwana Msemwa, alimwita ofisini. Dirisha lake lilitazama Chemchemi. Nyasi zilikuwa zimeoshwa, na Vumilia aliona kwa macho yake akina mama wameketi na watoto wao. Asubuhi ile wakazi walikuwa wameandamana. Hawakudai bustani ifungwe. Walidai isifungwe.

"Tumetangaza kuwa ni hitilafu," alisema Bwana Msemwa. "Mtambo uliharibika kwa muda, umetengenezwa. Pole sana kwa mkono, na kwa jirani yako."

"Haukuharibika, mkurugenzi. Ulifanya nilichoufundisha."

"Najua."

"Basi waambie watu."

Bwana Msemwa aligeukia dirisha. Hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo baya. "Kura ya nyayo ya Jumapili," alisema, "kabla ya yowe la dada yako, ilikuwa ya juu kuliko siku yoyote tangu tufungue. Watu hawajawahi kuipenda bustani hii kama walivyoipenda saa ile. Nikiwaambia mtambo uliharibika, nitawatengenezea mtambo. Nikiwaambia haukuharibika, nitawatengenezea nini?"

Vumilia aliinuka. Alitoka ofisini ameazimia jambo moja, kwamba watu wataujua ukweli, na watausikia kinywani mwake. Kesho yake Otmari alikuwa anazikwa. Mji mzima utakuwepo, waliopiga na waliotazama na waliokuwa nyumbani. Mama yake Otmari atakuwepo. Atasimama mbele yao aseme.

Makaburini watu walikuwa wengi mpaka barabarani. Kwaya ya Otmari iliimba bila mwalimu, ikapotea ufunguo, ikanyamaza. Mama yake, Bi Asumpta, aliketi kwenye mkeka kando ya kaburi, hajala wala hajasema tangu Jumapili, macho yake makavu. Wahehe ndio waliochimba kaburi, maana ni kazi ya watani, na ni kazi ya watani pia kuingia shimoni kabla ya jeneza, kumsema marehemu, kumdai, kuwazuia wafiwa wasizame kwenye majonzi. Mtani asipofanya hivyo maziko yana walakini. Wajomba wa Vumilia walijaribu, wakashindwa. Mmoja alifungua kinywa akalia.

Macho yote yakamgeukia yeye. Akashuka shimoni, mkono wake umefungwa plasta. Udongo ulikuwa wa baridi. Akainua uso akawaona wote wamemzunguka juu, mviringo wa vichwa.

"Mimi ndiye niliyemuua," alisema.

Mtu mmoja akacheka kidogo, kwa shukrani. Mtani ameanza.

"Sikilizeni," Vumilia akasema. "Mtambo haukuharibika. Niliufundisha mimi, kwamba Mngoni akipigwa na watu wakafurahi, aachwe apigwe."

Kicheko kikapanda. Wangoni waliokuwa wameinamisha vichwa siku nne wakaviinua. "Tulijua tu," alisema kaka mmoja wa marehemu, "Wahehe hawa hata wakiwa na mitambo ni walewale," na watu wakacheka zaidi.

"Alipokuwa anapigwa, nilicheka." Vumilia alipaza sauti. "Nilikuwa na pilau mdomoni. Alininyooshea mkono, mimi nimetoka kumcheka. Na ninyi baadhi yenu mlikuwepo, mliwabeba watoto mabegani."

Mwanamume mmoja ilibidi ashikilie mpini wa koleo asianguke. Wanawake walipigana mabegani. Na wale waliokuwepo, waliobeba watoto, walicheka pamoja na wengine, tena wao ndio waliocheka kwa nguvu, na nyuso zao zikalegea kama watu waliotuliwa mzigo. Vumilia alilia kwa sauti sasa, kamasi zinamtoka, akipiga udongo kwa mkono wake mzima, na watu wakampigia makofi kwa jinsi alivyojua kuigiza mfiwa.

Bi Asumpta alikuwa anatikisika. Machozi yake, yale yaliyokataa kutoka tangu Jumapili, yalimtiririka mashavuni, na katikati ya machozi alikuwa anacheka mdomo wazi.

"Huyu ndiye mtani," alisema, akajifuta kwa pindo la kitenge. "Mwanangu alimpenda sana. Endelea, mama, endelea."

"Sitanii," Vumilia akasema kutoka shimoni. "Mama, sitanii."

Hapo ndipo walipocheka kuliko mara zote.